Saumu na Kazi ya Kiangazi: Kutoka Mto Altamaha mpaka Dearborn

Mwezi mwandamo haufuati majira ya jua. Kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kuliko mwaka uliotangulia, hata ikiisha miaka ipatayo 33 huwa imeuzunguka mwaka mzima na kurejea ilipoanzia. Sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta hatuioni tofauti kubwa katika mzunguko huo. Mfungaji wa Unguja au wa Lamu hufunga saa 13 na kitu, iwe Ramadhani imeingia wakati wa kusi au wakati wa kaskazi. Yanayobadilika ni joto na mvua, si urefu wa mchana. Hata lugha yetu yaishuhudia hali hiyo. Neno "kiangazi" lahusu ukavu na kukosekana kwa mvua, wala halina habari ya siku ndefu. Tulipohitaji jina la miezi ya Juni, Julai na Agosti ya nchi za kaskazini tuliliazima neno hilo, nalo likatwikwa mzigo lisiouzoea. Basi msomaji na akumbuke kuwa kiangazi kitajwacho humu ni kile ambacho jua lake laweza kutua saa 3 kasoro robo usiku, na alfajiri yake ikaingia kabla ya saa 11.

Mtu afungaye katika siku kama hizo, na huku ana kazi nzito ya mwili, ana shida ambayo aghalabu hujadiliwa kama suala la imani au suala la afya. Hapana shaka kwamba lina pande hizo mbili. Walakini mwenye kuzichunguza habari zake katika historia huuona na upande wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio wenye uzito zaidi: ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya saa za kazi? Nimechagua mahali pawili katika nchi ya Marekani, pwani ya Georgia mwanzoni mwa karne ya 19 na mji wa Dearborn mwanzoni mwa karne ya 21, kwa sababu mahali hapo pawili pameliuliza swali hilo kwa njia zilizo kinyume kabisa.

Kwanza yafaa kusema neno juu ya sheria yenyewe. Kurani, katika sura ya Baqara aya ya 184 na ya 185, yawaruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na yaeleza kwamba Mwenyezi Mungu awatakia waja wake wepesi. Mfanya kazi hakutajwa. Wanavyuoni waliokuja baadaye iliwabidi wamtafutie mahali, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu, aliyesikilizwa sana ni Al-Adhra'i, aliyefariki mwaka 1381. Yeye alisema juu ya wavunaji kwamba ni lazima watie nia ya saumu kila usiku. Kisha mchana, mwenye kupatwa na mashaka makubwa ana ruhusa ya kufungua, naye atailipa siku hiyo. Uzuri wa hukumu hii ni kwamba haimtoi mtu katika saumu kabla ya jua kupanda. Inamwacha aianze safari pamoja na wenzake, halafu mashaka yenyewe ndiyo yatoe ushahidi. Wanavyuoni wa Hadhramaut, ambao vitabu vyao vilisomwa sana na masheikh wa pwani, waliongeza masharti: je, kazi hiyo haiwezi kungoja mpaka Shawwal? Je, haiwezi kufanywa usiku? Maswali hayo mawili yaonekana madogo, bali yanadhania jambo kubwa, yaani kwamba mwulizwaji ana uwezo wa kuchagua. Mkulima mwenye shamba lake anaweza kuyajibu. Mtumwa je?

Katika mwaka 1844 kilichapishwa kitabu cha Mmarekani mmoja, William Brown Hodgson, juu ya habari za Afrika ya kaskazini, na ndani yake mliwekwa barua aliyopelekewa na James Hamilton Couper, mwenye kuliendesha shamba la Hopeton, kando ya mto Altamaha katika Georgia. Barua hiyo yamhusu mtumwa mmoja wa shamba lile ambaye mabwana zake walimwita Tom, na ambaye jina lake la Kiafrika lilikuwa Salih Bilali. Alizaliwa Massina, katika bonde la mto Niger, akatekwa angali mtoto wa miaka kama 12 alipokuwa njiani juu ya farasi, akapelekwa Segu, akauzwa mkono kwa mkono mpaka pwani ya Anomabu, akavushwa bahari hadi visiwa vya Bahama. Mnamo mwaka 1800 akanunuliwa na baba yake Couper. Mwaka 1816 akafanywa nyapara mkuu wa shamba, akawa na watumwa wapatao 450 chini yake. Na mara kadha wa kadha Couper alimwachia shamba kwa miezi bila ya msimamizi wa Kizungu yeyote. Katika kumsifu, Couper ataja kwamba mtu huyu ni Mwislamu mwenye kushika dini kwa nguvu, kwamba hanywi kileo, kwamba ana Kurani na anaisoma, na kwamba hufunga saumu zake, hasa ile ya Ramadhani.

Sentensi hiyo moja ni fupi, na wengi waliopita juu yake wameichukua kama ushahidi wa uthabiti wa imani. Ni ushahidi kweli. Lakini tuchukue kalenda. Ramadhani ya mwaka 1817 ilianza katikati ya Julai; ya mwaka 1818 ikaanza mwanzoni mwa Julai; ya mwaka 1820 ikaingia karibu na tarehe 12 Juni. Maana yake ni kwamba miaka ile ile ya kwanza ya unyapara wake ndiyo miaka ambayo mwezi wa saumu ulikaa katikati ya kiangazi cha Georgia, penye saa kama 15 na nusu kutoka alfajiri hadi magharibi, joto la kutokota, unyevu wa mabwawa, na mbu. Na kazi ya Hopeton ilikuwa mpunga, pamba na miwa. Mpunga wa pwani ile ulilimwa katika mashamba yaliyojazwa maji na kukaushwa kwa malango ya maji ya mto. Katika kiangazi watu waliingia matopeni na majembe kupalilia, mgongo umeinama na jua li juu.

Sasa, katika mashamba ya mpunga ya pwani ya Georgia na Carolina ya Kusini kazi haikupimwa kwa kengele ya kutwa nzima kama ilivyokuwa katika mashamba mengi ya pamba ya bara. Ilipimwa kwa kipande: kila mtu alipewa eneo lake, kwa kawaida kama robo ya eka, na akilimaliza, saa zilizobaki zilikuwa zake. Wenzetu waliopata kufanya kazi ya kipande katika mashamba ya mkonge ya Tanga watalielewa jambo hilo bila maelezo marefu. Kwa mfungaji, tofauti kati ya kipande na kutwa ni kubwa mno. Mwenye kipande aweza kuamka na giza, akaikata kazi yake kabla ya jua kuwa kali, akapumzika kivulini alasiri. Uhuru huo ulikuwa mdogo, wala haukuupunguza utumwa hata chembe. Ila ulikuwa ni uhuru wa saa, na saa ndizo alizozihitaji mfungaji.

Na hapa ndipo habari ya Salih Bilali inapokuwa ngumu kuliko sifa alizopewa na bwana wake. Nyapara hakulima. Nyapara ndiye aliyepima vipande na kusimama juu ya wengine mpaka viishe. Saumu yake ilibebwa na cheo chake, na cheo chake kilibebwa na migongo ya watu 450. Ikiwa katika watu hao mlikuwamo Waislamu wengine, wao walifunga, au walishindwa kufunga, chini ya macho yake. Couper hakuandika lolote juu yao, kwa kuwa yeye aliandika juu ya mali iliyomfurahisha. Tukiisoma barua ile tusisahau mkono ulioiandika: bwana aliona saumu ya nyapara wake kuwa alama ya tabia njema yenye kuleta faida shambani, wala sidhani kama angaliisifu vivyo hivyo saumu ya mpalilizi aliyezimia matopeni siku ya kupalilia.

Kwamba walikuwako Waislamu wengine katika pwani ile hatuna haja ya kubahatisha. Katika kisiwa cha Sapelo, si mbali na Hopeton, aliishi Bilali, mtumwa wa Thomas Spalding, naye pia alikuwa nyapara. Aliacha nyuma yake maandishi ya Kiarabu ya kurasa 13, ambayo wataalamu wameyatambua kuwa yametokana kwa sehemu na Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha sheria cha madhehebu ya Maliki cha karne ya 10. Katika miaka ya 1930 wajukuu na vitukuu wa watu hao walihojiwa na watafiti, na habari zao zikachapishwa mwaka 1940. Walikumbuka mikeka ya kusalia na tasbihi; walikumbuka pia vitumbua vya mchele walivyogawiwa watoto siku maalumu, navyo viliitwa "saraka". Mswahili hahitaji kamusi ili alisikie neno "sadaka" ndani yake. Saumu ilikwisha kusahauliwa, lakini chakula cha sadaka kilibaki katika vinywa vya watoto, na jina lake pamoja nacho.

Mzunguko wa mwezi uliendelea. Ramadhani iliingia tena katika kiangazi cha kaskazini karibu na mwaka 1850, kisha karibu na mwaka 1882, na mara ya tatu mwaka 1914, ilipoanza karibu na tarehe 24 Julai. Januari ya mwaka huo huo Henry Ford alikuwa ametangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8 katika kiwanda chake cha Highland Park, jirani na Detroit. Habari hiyo ilivuka bahari. Miongoni mwa waliovutwa nayo walikuwamo Waislamu kutoka nchi za Sham zilizokuwa chini ya Waturuki, hasa Lebanon ya leo, na baadaye Wayemeni. Mwaka 1921 ukafunguliwa msikiti Highland Park, ambao haukudumu. Na kiwanda kipya cha River Rouge, kilichojengwa kati ya mwaka 1917 na 1928 katika Dearborn, kilipowavuta wafanya kazi upande huo, wakahamia nacho, na mwaka 1938 wakapata msikiti wao katika mtaa wa Dix, karibu na malango yake.

Kiwanda kilikuwa bwana wa namna nyingine. Mstari wa kuungia magari haukujua kipande. Kila mtu alikwenda kwa mwendo wa mstari, na hakuna aliyeweza kuimaliza kazi yake mapema ili apate kivuli. Mwenye zamu ya usiku alikuwa na nafuu. Mwenye zamu ya mchana karibu na tanuri za chuma hakuwa nayo. Ramadhani ya mwaka 1946, iliyoingia mwisho wa Julai, na zile zilizoifuata mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, ziliwakuta watu hao katika zamu wasizozipanga wao.

Watoto wa wafanya kazi wa mtaa ule walisoma katika shule ya sekondari ya Fordson, iliyofunguliwa mwaka 1928 na kupewa jina litokanalo na kampuni ya Ford na mwanawe iliyounda matrekta. Hata timu ya mpira ya shule yaitwa Matrekta. Mpira ninaousema si huu wetu wa miguu, bali ule wa Kimarekani, wenye kofia ngumu na kinga za mabegani, ambamo watu hugongana kifua kwa kifua. Michezo yake huanza mwisho wa Agosti, kwa hiyo mazoezi makali kuliko yote, mara nyingine mara mbili kwa siku, hufanywa katika wiki za joto kali.

Mchezo huo, kabla haujakutana na Ramadhani, ulikuwa na kiu yake wenyewe. Kwa miaka mingi walimu wake waliamini kwamba maji humlegeza kijana, wakamnyima makusudi. Kambi isemwayo sana ni ile ya mwaka 1954 katika mji wa Junction, Texas, ambako mwalimu Paul Bryant aliwafanyisha mazoezi vijana wa chuo kikuu cha Texas A&M katika ukame na joto la kupita nyuzi 37 bila ya maji ya kunywa, na sehemu kubwa yao wakakimbia usiku. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1965, Robert Cade na wenzake wa chuo kikuu cha Florida walipotengeneza kinywaji cha chumvi na sukari kwa ajili ya wachezaji, ndipo imani ile ianze kuvunjika. Na hatari haikuwa maneno matupu. Tarehe 1 Agosti 2001 Korey Stringer, mchezaji wa kulipwa wa Minnesota, alikufa siku moja baada ya kuanguka mazoezini, joto la mwili wake likiwa limepita nyuzi 42. Huyo hakuwa amefunga. Naitaja habari hii kwa sababu wako wasemao kwamba saumu ndiyo iliyoleta hatari katika viwanja vya Dearborn; hatari ilikuwapo zamani, na saumu iliikuta. Tena kiu ya Junction haikuwa na magharibi: haikuwekewa mpaka, haikuwa na ruhusa ya mgonjwa, wala haikutiwa nia na mwenye kuona kiu.

Mwaka 2009 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa kumi la tatu la Agosti, na Rashid Ghazi akaifuata timu ya Fordson kwa kamera katika kumi la mwisho la mwezi mtukufu, ilipokuwa ikijitayarisha kupambana na shule ya Dearborn, mpinzani wake wa jadi. Filamu yake, iliyotoka mwaka 2011, yaonyesha vijana wakifanya mazoezi mchana midomo mikavu, wakiingoja jioni. Karibu wote walikuwa watoto wa nyumba za Kiarabu. Michezo ya Ijumaa jioni ilianza jua lingaliko, hivyo saa ya kufuturu iliwakuta uwanjani, wakafungua kwa maji na tende pembeni mwa mstari.

Mwaka 2010 hesabu ikawa mbaya zaidi. Mazoezi yalifunguliwa katika wiki ile ile ambayo Ramadhani iliingia, tarehe 11 Agosti. Saumu ilikuwa ya saa zipatazo 16. Mwalimu wa timu, Fouad Zaban, ambaye mwenyewe alikulia katika jamii hiyo, alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kuwaambia vijana wale. Baadhi yao wangekataa, na wengine wangekula kwa aibu. Angeweza kuwaacha wafunge na kufanya mazoezi mchana, naye angezichezea roho za watoto wa watu. Aliichagua njia ya tatu: aliyahamisha mazoezi hadi usiku. Kuanzia kama saa 5 usiku, baada ya futari na sala, taa za uwanja ziliwashwa, na vijana wakakimbia, wakagongana, wakanywa maji kadiri walivyotaka mpaka karibu na alfajiri; kisha wakaenda kula daku na kulala saa za jua kali.

Gazeti baada ya gazeti liliiandika habari hiyo kama ajabu, na wengine waliiandika kana kwamba Marekani imefanya upendeleo kwa Uislamu. Mimi naiona kwa sura nyingine. Swali la wanavyuoni wa Hadhramaut lilikuwa hili hili: je, kazi haiwezi kufanywa usiku? Ila huko nyuma liliulizwa kwa mtu mmoja mmoja, naye aliyekuwa mtumwa au mwenye zamu hakuwa na jibu. Safari hii lilijibiwa na aliyeshika ratiba. Vijana wa Fordson hawakuwa na imani kubwa kuliko Salih Bilali, wala miili yao haikuwa migumu kuliko ya wapalilizi wa Altamaha. Walichokuwa nacho ni mwalimu aliyeijua saumu, shule iliyokubali, wazazi waliokuwa raia na wapiga kura wa mji wao, na swichi ya taa. Mambo hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitokana na miaka karibu mia ya watu waliokuja kufunga nati, wakajenga misikiti, wakapeleka watoto shule, mpaka mmoja wao akawa ndiye mwenye kupanga saa.

Nafuu hiyo ina mipaka, na miaka miwili baadaye ilionekana London. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012 ilianza tarehe 27 Julai ikaisha tarehe 12 Agosti, yote ndani ya Ramadhani. Mashindano ya dunia hayahamishwi usiku kwa ajili ya mtu. Mpiga makasia wa Uingereza Moe Sbihi, mwenye asili ya Morocco, hakufunga siku zile. Alitangaza kwamba badala yake atawalisha maskini wa Morocco, maskini 60 kwa kila siku, naye na wenzake wakapata nishani ya shaba katika mashua ya watu wanane. Wako waliomlaumu na wako waliomtetea. Msimamo wangu katika jambo hilo ni wa Al-Adhra'i: mwenye kuijua saumu yake na mashaka yake ni yeye, na deni ni lake, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuandika kwamba kati ya kijana wa Fordson na mpiga makasia wa London tofauti haikuwa ya ucha Mungu. Mmoja alipangiwa saa na watu wake, na mwingine na kamati isiyomjua.

Katika Dearborn kwenyewe mwezi ulizidi kurudi nyuma. Mwaka 2011 Ramadhani yote iliangukia ndani ya Agosti, na mwaka 2012 ikaisha katikati yake. Mwaka 2013 Idi ilikuwa karibu na tarehe 8 Agosti, na kipindi cha mazoezi kikaja nyuma yake. Vijana wakarudi uwanjani mchana, kila mmoja na chupa yake ya maji.